Ada, Sanaa na Mwenye Sura

Mtu atokaye Uyole kwenda Tukuyu hupita Kiwira, mji mdogo wa barabarani penye soko la ndizi na viazi, chini ya mlima Rungwe ambao kilele chake hufika karibu mita 2,960 juu ya bahari. Nchi hii ilifikiwa na kamera mapema. Wamisionari wa Kanisa la Moravian waliweka kituo chao Rungwe mwaka 1891, na katika miaka iliyofuata kamera ikawa moja ya vyombo vyao vya kazi. Walipiga picha nyumba za mianzi, migomba, ng'ombe, wazee waliokaa barazani na watoto waliopangwa mistari mbele ya shule. Picha hizo zilisafirishwa Ujerumani, zikatazamwa na waumini waliotoa sadaka kwa ajili ya kazi ya Nyasa, na nyingi zimehifadhiwa hata leo katika kumbukumbu za Kanisa hilo huko Herrnhut.

Baada yao wakaja wataalamu wa elimu ya jamii. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Na Monica alipotoa kitabu chake juu ya vijiji vya marika, mwaka 1951, alitia ndani yake picha za watu na makazi yao. Karatasi zake zimewekwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Hivyo basi mwanafunzi wa leo atakaye kuona sura za watu wa bonde la Kiwira wa zamani hizo hana budi kuzitafuta Ujerumani au Afrika Kusini.

Picha hizo zina faida kubwa kwa mwanahistoria, wala si haki kuzidharau. Walakini zina upungufu ambao hauonekani kwa macho: mwenye sura hakuwa mteja. Hakuchagua siku wala nguo. Hakusema asimame wapi, wala hakuulizwa picha ikiisha kusafishwa ipelekwe kwa nani. Aghalabu hakupata nakala. Pengine alipewa jina katika maelezo yaliyoandikwa chini, pengine aliitwa tu mzee, au mama na mtoto, au kijana wa Kikonde. Aliyelipa gharama ya sahani na dawa alikuwa mwingine, na kwa sababu hiyo picha ilikuwa ya mwingine.

Jambo hili ndilo linalofaa kukumbukwa kabla ya kuingia katika mabishano ya siku nyingi juu ya mpiga picha: kwamba je, huyu ni msanii au ni mfanyabiashara? Mabishano hayo yalikuja Afrika Mashariki pamoja na vitabu vya Ulaya. Hudhaniwa kwamba sanaa iko juu na ada iko chini. Kwamba mpiga picha apokeapo fedha mkononi mwa mtu anayetaka picha ya harusi, basi saa ile ameiacha sanaa mlangoni. Historia ya wapiga picha wa pwani haikubaliani na dhana hiyo. Hapa kwetu ada ndiyo iliyompa mtu wa kawaida uwezo juu ya sura yake mwenyewe, na ndani ya uwezo huo sanaa ikapata nafasi ya kufanya kazi.

Unguja ndiko mahali pa kuanzia. Kabla karne ya 19 haijaisha mji ule ulikuwa na studio za watu waliotoka Goa, ambao mashuhuri wao alikuwa A. C. Gomes, na baada yake, au pamoja naye, wakafuata J. B. Coutinho na Pereira de Lord. Watu hawa walifanya kazi za namna mbili chini ya dari moja. Asubuhi waliweza kumpokea tajiri, ofisa wa Kiingereza au mtu wa jamaa ya Sultani, aliyekuja kulipia picha yake. Halafu walitoka na kamera wakapiga picha za bandari, mitaa, milango ya kuchongwa na watu wa mjini, wakazifanya kadi za posta za kuuzwa kwa abiria wa meli. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa miaka ya neema kwa biashara ya kadi. Nyingi zilipigwa chapa Ulaya na kurudi Unguja kuuzwa, kisha zikaenda tena Ulaya na stempu juu yake.

Mkono ulikuwa ule ule, kamera ile ile, na pengine hata pazia la nyuma lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa katika nani aliyekuwa mnunuzi. Bibi aliyesimama kwa ajili ya kadi ya posta aliuzwa kama mfano wa kabila lake. Chini yake pakaandikwa kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, basi. Tajiri aliyelipa aliondoka na sura yake, na jina lake likabaki katika daftari la studio. Wako watu wanaosema leo kwamba kadi zile ni kazi bora za sanaa kwa mwanga wake na mpango wake, na kwa upande wa ufundi hawakosei. Lakini sifa hizo haziwezi kumrudishia yule bibi jina lake. Tena haifai kudhani kwamba kila aliyesimama mbele ya kamera ya kadi alikuwa amelazimishwa. Wengine yamkini walilipwa kitu kidogo, wengine walipenda kupigwa picha. Ila hata aliyependa hakujua kwamba mgeni wa Hamburg ataandika salamu zake za Krismasi nyuma ya mgongo wake.

Katika studio ya Gomes alijifunza kazi kijana mmoja wa asili ya Kigujarati, Ranchhod Oza. Mwaka 1930 alifungua studio yake mwenyewe katika Mji Mkongwe, akaiita Capital Art Studio. Jina hilo lastahili kuangaliwa, maana neno la sanaa limo ndani yake pasipo kuona haya, juu ya mlango wa duka ambamo watu waliingia kutaka picha ndogo za vyeti. Oza hakuona kwamba ameunganisha vitu viwili vinavyopigana. Aliitwa kupiga picha za shughuli za Sultani Khalifa bin Harub, ambaye utawala wake ulikuwa mrefu, tangu 1911 hata 1960. Akapiga picha za maarusi, za jamaa, za wanafunzi na za watu wa serikali. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipokuja, Wahindi wengi wa Unguja waliondoka. Oza alibaki, akaendelea na kazi chini ya serikali mpya. Mwanawe Rohit alishika studio mwaka 1983, na mzee akafariki mwaka 1993.

Pamoja na kazi hizo za ada, Oza alikuwa na desturi ya kutembea na kamera yake mitaani. Katika miaka ya 1950 alipiga picha nyingi ambamo baiskeli huonekana: baiskeli imeegemezwa ukutani katika kichochoro, mtu anapita juu ya baiskeli na kanzu yake imepeperuka, kivuli cha gurudumu kimelala juu ya mawe. Hapakuwa na mteja wa picha kama hizo. Hakuna aliyekwenda dukani akasema, naomba unipigie kivuli cha baiskeli. Lakini atazamaye kwa makini ataona kwamba jicho lililojua kuupima mwanga wa kichochoro ni jicho lililofunzwa na maelfu ya nyuso katika chumba cha studio, ambamo kosa la mwanga lilikuwa hasara, kwa sababu mteja alirudisha picha na kudai fedha zake. Ukali wa mteja ulikuwa chuo.

Kazi ya studio yenyewe ilikuwa na mambo mengi ambayo mtu wa simu za mkononi hawezi kuyawaza. Baada ya kupiga, mpiga picha aliingia chumba cha giza. Na filamu ikiisha kusafishwa na kukauka, aliiweka juu ya kioo chenye mwanga na kuisahihisha kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano. Hapo alipunguza kovu, akalainisha ngozi iliyochoka, akatoa kivuli chini ya jicho. Watu wengine huita kazi hiyo udanganyifu. Mteja hakuiita hivyo. Alitaka aonekane kama alivyokuwa siku yake njema, na mpiga picha mzuri ni yule aliyejua asahihishe mpaka wapi, ili mama wa mteja asije akasema huyu si mwanangu. Mombasa, katika studio ya N. V. Parekh, wateja wa miaka ya 1950 na 1960 walikuja na mawazo yao tayari: mume na mke walitaka wakae kama walivyoona katika filamu za Kihindi, kichwa kimeinama hivi, mkono umewekwa pale. Mwenye studio alikuwa mtumishi wa ndoto ya mtu mwingine, na ustadi wake ulipimwa kwa uaminifu wake kwa ndoto hiyo.

Hapa yafaa kutoka nje ya Afrika kidogo ili kupata mizani. Watu wa nyanda za kusini wanalijua jina la China kwa reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kwa mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1988; ni wachache waliopata kusikia habari za wapiga picha wa nchi hiyo. Mmoja wao, Lang Jingshan, aliyezaliwa mwaka 1892, hutajwa kila mara panapozungumzwa habari za mtu aliyesimama kati ya sanaa na biashara. Alifanya kazi Shanghai, kwanza katika idara ya matangazo ya gazeti la Shen Bao, kisha akawa miongoni mwa Wachina wa kwanza kuwa wapiga picha wa magazeti. Riziki yake ilitoka huko. Upande wa pili alishirikiana na wenzake mwaka 1928 kuanzisha chama cha wapiga picha wa sanaa, na katika miaka ya 1930 akawa mashuhuri kwa namna yake ya kuunga picha kadhaa kuwa moja: mti wa mahali pamoja, mlima wa mahali pengine, ukungu wa tatu, vyote vikapangwa kwa kanuni za wachoraji wa kale wa Kichina. Kazi hizo zilipelekwa katika maonyesho ya nchi za ng'ambo. Mwaka 1949 alihamia Taiwan, na akafa mwaka 1995 akiwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Lang alikuwa na nyumba mbili. Matangazo yalikwenda gazetini. Milima ya ukungu ilikwenda katika ukumbi wa maonyesho, mbele ya watu waliojua wamekuja kuona sanaa. Alihama baina ya nyumba hizo kwa hiari yake, na sifa yake ya kuunganisha mambo mawili hutokana na kwamba mambo hayo yalikuwa mbalimbali tangu mwanzo. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki ya wakati ule mambo hayakuwa hivyo. Hapakuwa na ukumbi wa maonyesho wa kumngoja fundi wa Lamu, wala jarida la kusifu kazi yake. Kama sanaa ingekuwapo, ilibidi iwe ndani ya picha ile ile iliyolipiwa.

Na Lamu ilikuwako. Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932, alijifunza kupiga picha mwenyewe, akafanya studio katika mji ule. Kama Lang, naye aliunga picha. Lakini hakuunga milima. Alichukua sura ya mteja, akaikata kwa mkasi kwa uangalifu, akaibandika katikati ya ua, au ndani ya chombo cha siku zile kama redio, kisha akaipiga tena kwa kamera ili viungo visionekane. Picha ikatoka imekuwa kitu kimoja. Mteja alilipa, akaichukua, akaenda nayo nyumbani. Bakor alifariki mwaka 1993, na baada ya hapo picha zake zikaanza kuchapishwa Ulaya katika vitabu vya sanaa.

Mtu asiyeijua Lamu atadhani kwamba uzuri wa picha hizo ni uzuri wa mchezo, kama mtoto akatavyo karatasi. Sivyo. Lamu ni mji wa dini na wa sitara, ambamo sura ya mwanamke wa nyumba ya heshima haikutolewa nje ovyo, na ambamo wako watu waliochukia kutengeneza sura za viumbe hata kidogo. Katika mji wa namna hiyo kumpiga mtu picha lilikuwa jambo la amana. Sura iliyotiwa ndani ya ua ni sura iliyoonyeshwa na kusitiriwa kwa wakati mmoja. Imeondolewa duniani, imewekwa mahali ambapo hapana mtaa wala jirani. Huenda mteja alitaka pambo tu, na huenda Bakor alipenda kuonyesha ujuzi. Lakini pambo lile lilikubaliana na adabu ya mji kuliko picha ya wazi ya mtu amesimama barabarani. Wala ustadi huo haukupatikana mbali na biashara. Ulipatikana kwa sababu mteja wa Lamu alikuwa na haja ngumu, na fundi akaitafutia njia.

Hapo ndipo linapotokea swali ambalo wenye majumba ya makumbusho hawapendi kulikawilia. Picha iliyolipiwa ilikuwa na mapatano yasiyoandikwa: kwamba hii ni yako, ya jamaa zako, ya kuwekwa ndani ya sanduku au juu ya ukuta wa chumba cha ndani. Nakala zilizobaki katika studio zilibaki kwa amana. Zikichukuliwa, zikakuzwa, zikatundikwa katika ukumbi wa mji wa mbali zikaitwa sanaa, mpiga picha hupata heshima aliyostahili tangu zamani, nayo ni heshima ya haki. Mwenye sura je? Huyo hurudi kuwa kama yule bibi wa kadi ya posta, mfano wa watu wa pwani wa miaka fulani. Ada aliyoilipa ili awe bwana wa picha yake haikumlinda zaidi ya maisha ya daftari la studio. Hapana haja ya kumlaumu mtu. Wengi wa waliozihifadhi picha hizo waliziokoa katika unyevu na mchwa, na bila wao tusingekuwa na la kujadili. Lakini cheo cha sanaa si zawadi tupu. Huondoa kitu pia, na kinachoondolewa ni haki ya mteja.

Tukirudi bara tunaikuta habari hiyo kwa sura nyingine. Vijana wa Kinyakyusa walikuwa watu wa safari tangu zamani za Waingereza: walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, walikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakafika hata Afrika Kusini. Katika miji ya migodi mtu aliweza kununua suti, na katika miji hiyo hiyo zilikuwako studio. Picha ya mtu aliyevaa suti ilikuwa barua isiyohitaji msomaji. Iliweza kumwambia baba aliyebaki Rungwe kwamba mwanawe yu mzima na kwamba kazi haikuwa bure. Kisha wapiga picha wa kuzunguka na studio ndogo zikafika katika miji ya barabarani ya nyanda za juu, pamoja na haja ya picha za vitambulisho, leseni na vyeti vya shule. Kazi zilikuwa za haraka na pazia lilikuwa la kitambaa. Msusi wa hoja za sanaa angepita bila kugeuza kichwa.

Hata hivyo linganisha karatasi mbili. Moja ni picha ya Rungwe iliyoko Herrnhut: mwanga wake mzuri, sahani yake kubwa, kila jani la mgomba laonekana, na watu waliosimama mbele ya nyumba wametazama upande walioelekezwa. Nyingine ni picha ndogo ya studio ya mji kama Kiwira, iliyokunjika pembe. Mwanamke amevaa nguo aliyoichagua, kiti amekichagua, na mtoto amewekwa upande aliotaka yeye mama. Mpiga picha amengoja mpaka mtoto akaacha kulia, kwa kuwa picha ya mtoto analia haitalipiwa. Nyuma ya picha uko muhuri wa studio, na chini yake, kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mwenyewe: jina lake, jina la mtoto, na tarehe.